Mkeka wa Kulalia Chini ya Gari

Mwanangu Mwanahawa,

Marahaba. Asubuhi uliponiamkia nilikuitikia nusu nusu, macho yangu kwenye kikombe, na wewe ukadhani baba amenuna kwa sababu unaondoka. Sikununa. Basi naanza kwa kukupa marahaba yako kamili, pamoja na dua zote ambazo baba humwombea mwanawe anapovuka maji.

Saa hizi ni alasiri. Umekwenda Kilindoni kuwaaga shangazi zako, na ninavyowajua wale, hutarudi kabla ya magharibi, tena utarudi na mzigo wa visheti na nazi ambao boti ya kesho itaulalamikia. Mama yako yuko uani, anamalizia ukingo wa kitu utakachokiona mwenyewe. Mimi nimekaa barazani na daftari lako la sekondari, lile lenye kurasa nyeupe nyuma, kwa sababu nyumba nzima haina karatasi nyingine. Usiucheke mwandiko. Mkono huu umezoea tezo na randa za kuundia mashua, kalamu umeishika kwa kulazimishwa.

Mambo ya kila siku sitakuandikia. Mama yako ameshakueleza habari za chandarua na za maji ya kunywa, na nimemsikia akikufundisha kupika maharage kwa mara ya tatu kana kwamba huko Iringa hawayajui. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka kumi na moja, na ningekaa nalo mpaka nizikwe nalo kama si maneno yako ya juzi tulipokuwa tunakula.

Ulitutolea simu ukatuonyesha lile gari la porini unalotaka kununua, lile linalovuta kwa tairi zote nne, rangi ya mchanga, limeegeshwa mbele ya ua wa maua. Ukasema mwenyewe ni mjomba wake Neema, rafiki yako mliyekaa naye dawati moja tangu baba yake alipohamishiwa huku Mafia kufundisha. Utafikia kwake huyo mjomba, utalala kwake, na fundi wake atakukagulia. Nikakutazama. Akiba yako yote ya miaka minne ya kuendesha magari ya hoteli kule Utende imo humo. Bila gari huwezi kupeleka wageni mbugani, na bila wageni huko kuhama kwako kote hakuna maana. Nikakuuliza, "Kwa nini usipite Mbagala ukamchukua Fundi Salum?"

Ukacheka. Ukasema, "Fundi Salum, Baba? Yule yule aliyetukagulia lile gari letu, Bwana Harusi?"

Mama yako akanigeukia. Mimi nilikuwa na tonge mdomoni, likakataa kushuka.

Sasa nikuambie. Fundi Salum hakulikagua lile gari. Mimi ndiye niliyemkataza.

Nimeinuka nikanywa maji, nimerudi. Naendelea.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulikuwa unakaa kwa shangazi yako Kilindoni ili uwe karibu na shule, na kila ukitoka darasani ulikuwa huendi nyumbani, unakwenda gereji kwa Salum. Shangazi yako alikuja kunishtakia mpaka nikachoka. Nikamwendea Salum mwenyewe kumuuliza mwanangu anafanya nini huko, akaniambia, "Kaka Bakari, huyu mtoto anasikia injini. Mimi nimeisikia baada ya miaka kumi ya kazi, yeye ameanza nayo." Nilirudi nyumbani Ndagoni kichwa kimevimba kwa sifa, ingawa kwa shangazi yako nilijifanya nimekwenda kugomba. Ukija huku mwisho wa wiki kucha zako zilikuwa nyeusi, na mama yako alikuwa akizisugua kwa limau huku akilalamika nani atakuoa. Kazi uliyonayo leo aliyekufungulia mlango wake ni Salum, na hilo unalijua vizuri. Ndiyo maana ulipomkasirikia ulimkasirikia sana.

Mwaka ule nilitaka gari. Mashua mbili nilizozitengeneza zilikuwa zimeuzwa vizuri, na nikaona ninaweza kununua gari la kubeba watu na nazi kutoka Ndagoni mpaka Kilindoni. Barabara yetu unaijua: kiangazi ni mchanga, masika ni uji, gari la kawaida lilikuwa halimalizi mwezi. Lakini nisijitie wema mwingi. Nilitaka pia kuitwa Bwana Bakari mwenye gari. Nilikuwa nimeshajiona nimekaa mbele, kiwiko dirishani, ninaitikia salamu.

Ndipo Sefu akapiga simu kutoka Tanga. Sefu ni ndugu yangu wa kunyonya. Mama yangu aliponizaa aliugua, na mama yake Sefu ndiye aliyeninyonyesha, kwa hiyo yule si jirani wala si rafiki, ni ndugu kabisa mbele ya Mungu na ya watu. Akasema ana gari la tairi zote nne, gumu, hajawahi kulipeleka kubaya, na kabla hajamwambia mtu baki ameona aniambie mimi. Nikasema nitakuja. Mama yako akasema, "Nenda, lakini nenda na Salum." Nikamlipia Salum nauli, tukaenda wote.

Salum alisafiri na mfuko mmoja. Ndani yake mlikuwa na nyundo ndogo, tochi na kipande cha mkeka chakavu. Kile kipande unakikumbuka, ndicho alichokuwa akitandika chini ya magari pale gereji. Njiani alikuwa ananieleza atakavyofanya. Kwanza tufike mapema kabla injini haijawashwa, aiguse kama ni baridi, maana gari linalowashwa kabla wanunuzi hawajafika lina la kuficha. Kisha alipandishe juu ya mawe au magogo alale chini yake, aigongegonge chesisi yote kutoka mbele mpaka nyuma. Mwisho aliendeshe penye matope kwa gia ile nzito, asikie kama miguu ya mbele inavuta kweli au inafuata tu. Nikamwambia, "Salum, kwani hata sisi kwenye vyombo vya baharini si ndivyo tunavyofanya?" Akasema, "Basi leo utanielewa vizuri kuliko wateja wangu wote."

Na kweli ningemwelewa. Umeniona tangu utoto wako mtu akiniita nikamwangalizie mashua anayotaka kununua. Siiangalii ikiwa inaelea. Nasubiri maji yatoke, chombo kilale ubavu, nipige magoti kwenye tope nigonge mkuku, ule uti wa mgongo wake, na mataruma, mbavu zake, ubao kwa ubao, nikisikiliza. Ubao mzima unajibu, uliooza unanyamaza. Na nikikuta mashua imepakwa rangi mpya chini wiki ile ile inayouzwa, huwa namwambia mnunuzi mbele ya muuzaji, bila kumumunya, "Hii tuikwangue kwanza." Nimewaudhi wengi kwa hilo. Nilikuwa najivunia kuwaudhi.

Tulipofika kwa Sefu, mlango ulikuwa umefunguliwa wazi, udi unafuka, watoto wake wamevaa nguo za sikukuu. Mke wake alikuwa amepika biriani. Mama yake mzee, yule yule aliyeninyonyesha, alikuwa ameketi kwenye kiti chake, haoni tena, akanipapasa uso kwa mikono miwili akasema, "Bakari wangu amekuja." Mwanahawa, mimi nilikwisha pale pale. Ukiniuliza gari nililinunua saa ngapi, nililinunua wakati ule, na gari lenyewe sijaliona.

Tukaitwa kula. Salum akasema, "Asanteni, nitakula nikimaliza kazi." Akaomba maji tu, akaenda kukaa nje kando ya gari. Nilikasirika. Niliona huyu fundi hana adabu, amealikwa nyumbani kwa watu anajitia makuu. Nikala, nikashiba, tukacheka habari za utotoni. Kisha tukatoka uani, na Salum alikuwa ameshatoa mkeka wake.

Akasema, "Bwana Sefu, nitaomba magogo mawili tulipandishe, nilale chini."

Sefu hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alinigeukia mimi, uso umemwanguka, akasema kwa sauti ya chini, "Loo, Bakari. Umeniletea fundi? Mimi na wewe?"

Nikaona muhali. Sina neno lingine la kuliweka hapo, na wewe huhitaji kuelezwa, umezaliwa nalo. Tumbo langu lina biriani yake, uso wangu una joto la mikono ya mama yake, halafu nimlaze mtu chini ya gari lake kama polisi wanaotafuta magendo. Nikasema, "Wacha, Salum. Huyu ni ndugu yangu."

Salum akanivuta kando. "Kaka, dakika kumi tu. Wewe mwambie ni kawaida yangu mimi, unitupie lawama mimi."

"Salum, wacha."

"Basi hata dakika tano. Sitagonga, nitaangalia kwa tochi."

Nikamwambia, na maneno haya nayasikia mpaka leo, "Usinitie aibu nyumbani kwa ndugu yangu."

Akakunja mkeka wake. Aliukunja taratibu, akautia kwenye mfuko.

Lakini hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba niliona. Wakati wa kuondoka niliinama pale uani kuvaa viatu vyangu, na macho yangu yakawa sawasawa na tumbo la gari. Chini kote kulikuwa kumepakwa rangi nyeusi nzito, mpya, bado inang'aa. Mimi, mtu wa "tuikwangue kwanza". Nilifunga kamba za viatu polepole kuliko ilivyohitajika, nikainuka, nikampa Sefu mkono. Tukasoma Fatiha, biashara ikaisha.

Sherehe ya kulipokea unaikumbuka kuliko mimi. Liliposhushwa ufukweni Kilindoni maji yakiwa yametoka, mbao nilizipanga mwenyewe. Mkalifunga maua ya asumini na vitambaa, na watoto ndio waliolipa jina la Bwana Harusi. Ulikaa mbele pamoja nami mpaka Ndagoni ukipunga mkono kama malkia. Miezi mitatu tulikuwa watu.

Kisha ikaja siku ile ya kutoka arusini, masika yameanza, gari limejaa kina mama na nazi nyuma. Hatukuwa mbio. Tuliingia kwenye shimo ambalo tulishaliingia mara mia, tukasikia mlio, na gari likavunjika katikati, likakalia tumbo njiani. Chesisi ilikuwa imeliwa na chumvi mpaka imebaki kama andazi, nje ngozi ndani hewa. Baadaye nilikuja kujua kwamba lilikuwa likibeba samaki na barafu ufukweni kwa miaka, maji ya chumvi yakitiririka ndani yake usiku na mchana. Sefu mpaka leo anaapa kwamba yeye alilinunua hivyo hivyo na rangi ameikuta. Huenda. Sikumuuliza vizuri, na hilo nalo ni muhali.

Kwa rehema za Mungu hakufa mtu. Mama yako peke yake ndiye aliyeumia, mkono wa kushoto, na unajua haukurudi kama zamani. Yeye aliyekuwa anasuka mkeka kwa wiki moja akawa anausuka kwa miezi.

Watu wakatuzunguka pale barabarani. Mama yako amekaa chini amekumbatia mkono wake, analia bila sauti. Mzee mmoja akaniuliza, na hakuwa na nia mbaya, "Bakari, si mlikwenda na fundi?"

Nikajibu, "Fundi Salum alilikagua."

Maneno matatu. Sikuyapanga, yalitoka yenyewe, yakanifunika kama shuka. Nikaona nyuso za watu zinalainika: masikini Bakari, kaponzwa na fundi. Nilidhani nitayarudisha kesho yake. Kesho yake yalikuwa yameshafika Kilindoni, na keshokutwa yalikuwa yamevuka mpaka Jibondo. Kisiwa chetu unakijua, habari haihitaji boti.

Na yakakufikia wewe. Ulitoka shule na sare zako ukaenda moja kwa moja gereji. Sikuwapo, nimesimuliwa. Ulimwambia mbele ya wateja wake, "Baba alikuamini, na wewe umemvunja mama yangu mkono." Wanasema Salum aliweka spana chini. Alikuwa anaweza kusema. Alikuwa na kila haki, na neno moja tu lingetosha. Akakuambia, "Pole, mwanangu. Msalimie mama." Hakutaka umjue baba yako kwa njia hiyo, Mwanahawa. Alinihifadhi kwako, mimi niliyemuuza. Hukukanyaga tena gereji ile.

Wateja wakaanza kupungua. Nani atampelekea gari fundi asiyeona chesisi iliyooza yote? Kabla ya mwaka kuisha alifunga vifaa vyake, akahamia Mbagala. Siku anapanda boti nilikuwa nina kazi ufukweni pale pale Kilindoni. Nilijificha nyuma ya mashua niliyokuwa naitia kalafati kuziba nyufa zake, mpaka boti ilipoondoka. Mtu mzima, mwenye mke na mtoto, nimechuchumaa nyuma ya mashua.

Mama yako alijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu nilimwambia hospitalini. Aliniambia, "Utamwambia mwanao?" Nikasema nitamwambia. Amekuwa akiniuliza hivyo kila mwaka, bila ugomvi, kama mtu anayemuuliza mwenzake kama amefunga mlango.

Na nafasi nilipata nyingine. Miaka minne iliyopita nilipokwenda Dar kutibiwa macho, nilimtafuta Salum. Nilimkuta kwenye gereji ndogo, mvi zimeanza. Niliingia nimeshika maneno yangu mkononi kabisa. Aliponiona alifuta mikono, akanikumbatia, akaagiza chai na chapati. Kisha kitu cha kwanza alichoniuliza ni, "Mwanahawa bado anasikia injini?" Nikamwambia sasa unaendesha wageni Utende. Alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema, "Siku akitaka gari lake mwenyewe, mwambie aje kwangu. Nitalala chini yake bure."

Nikanywa chai yake. Na nilipokwisha kunywa chai yake, nikaona muhali kuyasema yale yaliyonipeleka. Nikarudi Mafia nayo.

Sasa unaelewa kwa nini tonge lilikataa.

Kuhusu gari lako, mimi sina la kukufundisha. Habari za difu, za gia boksi, za moshi wa rangi gani una maana gani, unazijua kuliko mimi na kuliko wanaume wengi watakaokutazama huko kana kwamba umepotea njia. Ninaloogopa si macho yako. Macho yangu yalikuwa mazima nilipoinama kufunga viatu. Ninaloogopa ni moyo wako, kwa sababu nimekupa mimi. Umeshaanza kusema "mjomba" kwa mtu hujaonana naye. Utafika umechoka na safari, wale watu watakupokea vizuri, wenyeji wa Iringa ni waungwana, watakupa maji ya moto ya kuoga na chakula na blanketi, Neema atakuwa amewasifu kwako na wewe kwao. Asubuhi fundi wa nyumbani kwao atasema gari zima. Na wewe utamtazama yule mama aliyekutandikia kitanda, utaona haya kutoa tochi.

Huenda mjomba wa Neema ni mtu mwema na gari lake ni zuri. Namwombea hivyo. Lakini Sefu naye ni mtu mwema, mama yake ndiye aliyenifanya nikawa hai. Gari halimjui mwenyewe wala halimjui mjomba wa nani. Na nimechelewa sana kuelewa kwamba Salum pale Tanga ndiye peke yake aliyenistahi. Mimi nilidhani namstahi Sefu, kumbe nilikuwa nastahi uso wangu mwenyewe.

Kama ungeniuliza muhali nao tuutupe baharini, ningekuambia hapana. Ni jambo zuri. Ndio unaotufanya tukae pamoja kwenye kisiwa kidogo hiki bila kuraruana. Uwe nao ukiwa sebuleni. Ukitoka uani penye gari, uuache mlangoni penye viatu.

Nimefanya jambo jingine leo, na nilitaka ulijue kwangu kabla hujalisikia kwa mama yako, ambaye hataweza kujizuia. Asubuhi ulipokwenda kusimamisha pikipiki ya kukupeleka Kilindoni, nilimpigia simu Salum. Nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba. Safari hii sikumpa nafasi ya kuniuliza hali. Nilisema yote kwa pumzi moja: Tanga, rangi nyeusi, maneno matatu, kujificha kwangu nyuma ya mashua. Nikamwambia sikuombi uniambie si kitu, maana ni kitu. Nikamwambia Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, nitasimama pale barazani, niwaambie wale wale walionipa pole barabarani kwamba pole ile ilikuwa ya Salum.

Nilisikia nyundo za gereji kwa nyuma. Kisha akasema, "Gari lenyewe liko wapi?"

Nikasema Iringa.

"La nani?"

Nikamwambia la mjomba wa rafiki yako, na kwamba utafikia nyumbani kwao.

Akasema, "Mwambie anipitie, tutakwenda wote. Na mwambie asile kitu pale mpaka mimi nimetoka chini ya gari."

Nililia, mwanangu. Kuku walikuwa wananitazama.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii ndani ya begi lako, uisome ukiwa umefika mbali. Nikamwambia mama yako. Akasema, bila hata kuinua macho kwenye ukili aliokuwa anausuka, "Kwa hiyo mkeka unakunjwa tena." Basi nitakupa mkononi ukirudi, ukishakula. Mimi nitakuwa nje hapa. Ukitaka kuja kunigombeza, njoo. Ukitaka kulala bila kusema nami, nitaelewa, na kesho nitakubebea mizigo mpaka botini vivyo hivyo. Nimekupenda tangu ulipokuwa unanuka maziwa mpaka uliponuka oili chafu, na hakuna hasira yako itakayobadilisha hilo. Naomba tu usiipeleke hasira hiyo Mbagala. Aliyestahili kuipata yuko hapa.

Kile kitu mama yako anachomalizia uani ni mkeka. Ameuanza tangu uliposema unataka gari, na kwa mkono ule umemchukua miezi mitano. Ni mwembamba, mrefu kama mtu, haukufaa kitanda wala sala, na nilipomuuliza ni wa nini aliniambia nisubiri. Leo ameniambia. Ni wa kulalia chini ya gari.

Uuchukue. Ukifika Mbagala mwamkie Fundi Salum, umwombe ile radhi niliyopaswa kumwomba mimi mbele yako. Na mkifika Iringa, kabla ya chai, kabla ya kiti, mtandikie. Akimaliza yeye, lala na wewe uangalie.

Mimi baba yako,
Bakari, hapa barazani nje